Mwaka Nilipopitisha Intaneti kwenye Umeme wa Babu Rajabu

Siku tuliyomzika Babu Rajabu, jeneza lilikwama mlangoni. Wanaume walikuwa wameshaliinua, dua imeshasomwa, jua la saa saba linachoma bati, na pale kizingitini amelala mzee mwenye mvi, chali kabisa, futi ya kupimia nguo ya marehemu ameivaa shingoni. Alikuwa Ndahani, fundi umeme. "Hatoki mtu hapa!" alikuwa akipiga kelele. "Huyu mpagazi ana mzigo wangu, anataka kunitoroka nao mpaka ahera! Nilipeni kwanza!" Binamu yangu mmoja aliyekulia Dar akaninong'oneza kwa hasira, "Nani huyu mlevi?" Nikamwambia tulia, huyo si mlevi, huyo ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi ni watani wake. Misafara ya wazee wetu ilipokuwa ikienda pwani ilikatiza kwao, wakatudai ada ya kupita na ada ya maji, tukawatukana, wakatutukana, na mwisho wa yote tukawa watu wasioruhusiwa kukasirikiana. Mtani akikushikia kitu chako hununi, unakigomboa. Basi mtoto wa marehemu akamwahidi jogoo, Ndahani akainuka, akajikung'uta vumbi, akajifuta macho kwa mkono wa shati, kisha akawa wa kwanza kuingiza bega chini ya jeneza. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimejifunika kanga, nalia na kucheka kwa wakati mmoja mpaka shangazi akanifinya.

Nilicheka kwa sababu nilimkumbuka Ndahani na Babu Rajabu katika mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa nakaribia arobaini, nina magoti yanayolia nikiinuka, na bado mwaka ule nikiukumbuka moyo unanienda mbio. Habari za ukoo wangu, nani kamzaa nani na nani alimkimbia nani, nitaziruka. Ni ndefu, na baadhi ya wahusika wako hai na wana simu. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sijapata, nikaja kukaa mtaa wa Kanyenye kwa Bibi Tunu, ambaye ni dada wa Babu Rajabu, tumbo moja. Nilikuja na begi moja la nguo na maboksi matatu ya kompyuta. Kompyuta yenyewe niliiunganisha kwa mikono yangu, kipande baada ya kipande, kingine kipya, kingine cha mtumba, na feni yake ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Ilikuwa ya kuchezea gemu, sitaki kudanganya. Watu wakiuliza nasema ni ya kutafutia kazi.

Gemu langu lilikuwa la mpira, na nilikuwa nalicheza mtandaoni na watu wa mikoa mingine. Jina langu humo lilikuwa Nyuki. Na Nyuki alikuwa anafungwa. Jamani, nilifungwa! Nilifungwa na watu wa Arusha, nikafungwa na watu wa Mbeya, nikafungwa na mtoto mmoja aliyeniaga katikati ya mechi ya pili kwamba anaitwa kuosha vyombo. Kila nikifungwa nilikuwa na jibu moja: mtandao. Na haikuwa uongo, maana picha ilikuwa inaganda, nabonyeza kupiga, mchezaji wangu anasimama kama amesahau alichofuata uwanjani, ikija kuachia mpira uko nyavuni kwangu. Lakini mtu akishasema "mtandao" mara mia, anaanza kujishuku. Je, kama si mtandao? Je, kama mimi sijui tu? Swali hilo lilikuwa linaniwasha kuliko upele. Yakatangazwa mashindano ya nchi nzima, mchujo wa kanda yetu ufanyike mtandaoni Jumamosi moja asubuhi, baada ya miezi miwili. Nikajiandikisha. Nilitaka kitu kimoja tu: nicheze mara moja katika maisha yangu bila kuganda, nijue mimi ni mchezaji au ni mpiga domo.

Shida ilikuwa nyumba. Nyumba ile ni ya kizamani, kuta zake za tofali mbichi, nene kama urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Mvua haziingii, joto haliingii, na waifai haitoki. Ruta yangu ilikuwa inashika mnara sehemu moja tu, dirishani kwenye sebule ya mbele inayotazama barabara. Ukiisogeza hatua mbili inakufa. Mimi chumba changu kilikuwa uani, nyuma kabisa. Na sebule ya mbele ilikuwa ya Babu Rajabu, ndiyo ofisi yake ya ushonaji, imejaa kanzu, sare za shule na wanaume wanaosubiri suruali. Kuhamishia kompyuta pale isingewezekana hata kwa dua.

Na kulikuwa na jambo jingine. Zamani nyumba nzima ilikuwa na LUKU moja, mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Bibi alikuwa na friji ya kugandishia barafu za ukwaju, Babu alikuwa na pasi ya umeme ya kupigia nguo za wateja, na kila umeme ulipokwisha, kila mmoja alimtazama mwenzake. "Friji hiyo inakula kama ng'ombe." "Na pasi yako je, inakunywa maji?" Wakaendelea hivyo mpaka siku moja Babu akaleta matofali, akaziba ukumbi katikati, kila upande ukawekwa mita yake, na tangu siku ile hawakusemeshana. Miaka sita! Si kwamba walichukiana. Bibi akipika matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga na chai ya tangawizi, alinipa sahani: "Mpelekee huyo wa mbele." Babu naye alikula akasema, "Mwambie huyo wa nyuma karanga amezikaanga vizuri leo." Yote hayo wakisikiana kabisa, maana juu ya ukuta hakuna dari, ukipiga chafya mbele, nyuma wanakuombea afya. Mimi nilikuwa simu yao.

Kwanza nilijaribu waya. Nilinunua waya mrefu wa mtandao, nikautoa dirishani kwa Babu, nikauzungusha nje ya nyumba, nikauingiza uani. Ulifanya kazi siku moja na nusu. Mbuzi wa Bibi aliutafuna pale unapopita bandani, na si kwamba aliukata tu, aliumeza kipande kama urefu wa mkono, na Bibi akanigombeza mimi kwa kumlisha mbuzi plastiki. Kutoboa ukuta? Bibi alisema ukuta ule ukiutoboa tundu la sindano unamwagika wote kama unga. Nikakaa chini nikiwaza, mpaka rafiki yangu niliyesoma naye akanipigia kutoka Dar. "Sikia, Hawa, kuna vidude huku Kariakoo. Kimoja unachomeka kwenye soketi karibu na ruta, kingine unachomeka kwenye soketi karibu na kompyuta. Intaneti inapita humo humo kwenye nyaya za umeme." Nikamwambia asinitanie, sina nguvu. Akaapa. Nikamwambia tuma haraka.

Vilikuja na basi, ndani ya boksi la viatu, vimefungwa magazeti. Adapta mbili nyeupe, kila moja na ukubwa wa sabuni ya kufulia iliyokatwa nusu, kila moja na taa tatu. Taa ya kwanza inasema umeme upo. Ya pili inasema waya wa mtandao umechomekwa. Ya tatu inawaka pale tu adapta mbili zinapoonana. Nilikimbia kwa Babu, nikampa shikamoo huku nimeshapiga magoti kwenye soketi yake. "Marahaba. Kinakula umeme hicho?" "Kidogo sana, Babu, kama ile taa ndogo ya redio." "Haya. Lakini nakiangalia." Nikachomeka, nikazunguka nje mbio hadi uani, nikachomeka ya pili. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu, kimya. Nikabonyeza kila kinachobonyezeka. Kimya. Nikangoja, nikaimba, nikachomoa nikachomeka. Kimya kabisa. Bibi akachungulia mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Labda bado vinasalimiana."

Wiki nzima nilihangaika na vile vidude. Nikavipeleka vyote viwili upande wa Bibi, kimoja jikoni na kingine chumbani: taa zote tatu, paa! Nikavipeleka vyote kwa Babu: taa zote tatu, paa! Nikivitenganisha, kimoja mbele na kingine nyuma, taa ya tatu inakufa. Nikampigia rafiki yangu nikamwambia ameuziwa feki. Nikasema ni joto. Nikasema ni vumbi. Usomi wangu wote, na cheti kimo kwenye begi, haukuniambia jambo ambalo hata yule mbuzi angeliona. Ilibidi nimwite fundi.

Ndahani wakati ule alikuwa na nywele nyeusi na baiskeli nyekundu, na alikuwa fundi umeme wa mtaa mzima. Aliingia uani bila kubisha hodi, akisalimia kwa Kigogo. "Mbukwenyi! Wapagazi hamjambo? Leo mmebeba nini?" Bibi akamjibu kutoka jikoni, "Chakula bado, ombaomba, pita kesho." Akaketi, akaletewa chakula hapo hapo, ugali na mlenda wenye karanga, nami nikamweleza habari yote huku anakula. Alipofahamu kwamba intaneti inapita kwenye waya wa umeme aliacha tonge hewani. "Wewe mtoto. Umeme utaiunguza hiyo intaneti." "Hauunguzi, fundi." "Ndani ya waya mmoja? Mimi nimevuta nyaya miaka yote hii, kumbe kulikuwa na nafasi ya abiria!" Akanawa upesi, hakumaliza hata mlenda. Nikampa adapta, akazichunguza, akazinusa, akazipeleka huku na kule kama nilivyofanya mimi. Halafu akasimama katikati ya ua akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kuanikia nguo.

"LUKU ngapi humu ndani?" akaniuliza.

"Mbili."

"Basi ni nyumba mbili. Intaneti yako inatoka kwa Babu, inafika kwenye mita yake, njia imekatika. Huyu Bibi yako amejitenga, na umeme wake umejitenga. Wazee hawaongei, wewe unataka nyaya zao ziongee?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki nzima! Lakini Ndahani alikuwa ameshaingia chumbani kwangu, anasogeza kitanda. Nyuma ya kitanda kulikuwa na soketi ya zamani, ya kahawia, isiyokuwa na umeme. Mimi nilikuwa natundikia hapo mkufu. Akaigonga kwa bisibisi. "Hii unaijua? Hii ilikuwa ya enzi za LUKU moja. Waya wake upo, umepita juu kwenye boriti mpaka kwenye bodi ya umeme ya Babu yako, pale chini ya mita. Umekatwa pale tu. Na najua umekatwa vizuri, kwa sababu aliyeukata ni mimi." Kumbe! Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi: kuunga ncha mbili kwenye bodi ya mbele, soketi ile ifufuke kwa umeme wa Babu, nichomeke adapta hapo. Kompyuta ingeendelea kula umeme wa Bibi. Kitu pekee kilichokosekana ni ruhusa ya Babu Rajabu.

Nilikwenda nimebeba sahani ya michembe, vipande vikavu vya viazi vitamu, na adabu zote nilizofundishwa. Babu alikuwa anapiga pasi. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka pasi wima, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, nguo nitakushonea. Nikifa nyumba hii utaishi. Lakini umeme wangu hauvuki ule ukuta. Hata wa kuwasha jicho la mende." Nikamwambia ni kidogo, Babu, ni kidogo mno. "Hata friji ilianza hivyo hivyo, kidogo." Kutoka nyuma ya ukuta ikasikika sauti ya Bibi, akisema na mimi: "Hawa! Mwambie hatukuomba!" Nikarudi uani, nikajifungia, nikalia kwa uchungu wa kweli. Mchujo ulikuwa umebaki siku tisa, na ningefungwa tena, na ningesema tena ni mtandao, na nisingejua tena.

Kesho yake asubuhi nilisikia zogo upande wa mbele. Nikakimbia. Ndahani alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha Babu, miguu ameinyoosha ndani, mgongo ameegemea mwimo wa mlango, hakuna mteja anayeingia wala anayetoka. Kofia ya Babu iko kichwani kwake. Mkasi wa Babu, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, uko mapajani mwake. Wateja watano wamesimama barabarani wanamtazama kwa furaha tupu, mmoja anahitaji suruali yake na hajali tena. "Mwangaluka, mpagazi," Ndahani alikuwa anasema, akimwamkia kwa Kinyamwezi. "Wazee wako walipita kwetu na mizigo vichwani, wakanywa maji ya visima vyetu, wakalala kwenye vivuli vyetu, wengine wakatoroka alfajiri bila kulipa. Nimetumwa kudai."

"Ondoka mlangoni, Mgogo," Babu akasema. "Watu watadhani umeweka bakuli."

"Bakuli nimeliacha nyumbani, leo nakula mkasi. Sikiliza. Nyinyi ni watu wa kubeba. Mlibeba meno ya ndovu kutoka huku mpaka baharini kwa miguu! Leo mjukuu wenu ana mzigo usio na uzito hata wa unyoya, anaomba apite ukumbini tu, kutoka sebuleni hadi uani, na wewe umefunga njia. Hata sisi Wagogo tulikuwa tunapokea ada tunafungua. Wewe umezidi Wagogo!"

Wateja wakapasuka. Babu alijaribu kununa. Nilimwona kwa macho yangu akijaribu: alikaza midomo, akatazama juu, masharubu yakaanza kutetemeka yenyewe. Mtu hawezi kumnunia mtani, hasa mbele ya mashahidi; jambo hilo ni aibu kuliko kukataa deni la mahari. "Nipe mkasi wangu," akasema. "Nipe soketi moja." "Nipe mkasi, nina sare za watoto." "Soketi moja, na kopo la asali iwe ada yangu." Babu akakitupa chini kitambaa alichoshika. "Chukua! Chukua soketi, chukua na asali, mtaniua na umasikini wenu! Lakini kitakachochomekwa pale ni hicho kidude peke yake. Nikisikia friji, nakata." Nikapiga kigelegele pale pale barabarani, mwenyewe, bila mwenzangu wa kunipokea, na mwenye suruali akanipokea kwa mluzi.

Ndahani alipanda kwenye boriti kabla Babu hajabadili nia. Mimi nilisimama chumbani nimeshika adapta. Nikasikia vumbi likianguka, nikasikia akikohoa, akimtukana panya kwa Kigogo. Kisha akapiga kelele, "Washa!" Nikaichomeka kwenye ile soketi ya kahawia. Taa ya kwanza. Taa ya pili. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Taa ya tatu ikapepesa, ikazimika, ikapepesa tena, ikatulia. Kijani! Mungu wangu, kijani! Nilipiga ukelele hadi mbuzi akakata kamba. Ndahani akaja mbio na utando wa buibui nywelani, Bibi akaja na mwiko, sote tukainama nyuma ya kitanda kukitazama kile kitaa kidogo kuliko punje ya mtama. Nikafungua gemu. Mchezaji akakimbia nilipomwambia akimbie. Nikibonyeza, anapiga, kabla hata kidole hakijainuka! Ndahani alikuwa ameshika kichwa. "Imepita," akawa anasema, "imepita kweli. Imepita kwenye waya wangu." Nimeona mengi tangu wakati ule, na kazi yangu ya leo ni kufunga mitandao maofisini, lakini sijawahi kufurahi mbele ya taa namna ile.

Siku nane zilizobaki nilifanya mazoezi mpaka Bibi akawa ananilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, macho yangu yako kwenye kioo. Jumamosi ikafika. Mchujo ulikuwa hivi: mechi tatu na mpinzani mmoja, mwenye kushinda mbili anapita, ukikatika una dakika kumi za kurudi, usiporudi umeshindwa. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa Mwanza aliyejiita Sangara, na sifa zake nilizijua, mwezi mzima hakuna aliyemfunga. Saa nne kamili tukaanza. Mechi ya kwanza akanifunga mbili moja. Mechi ya pili nikaamka: nikamfunga la kwanza, akarudisha, nikamfunga la pili kwa kichwa dakika ya mwisho. Moja yake, moja yangu! Nikasikia Bibi akipiga vigelegele, na kutoka mbele sauti ya Babu: "Amefunga nani? Muulizeni amefunga nani!"

Mechi ya tatu ikaanza, na kabla haijafika hata dakika ya kumi, uwanja ukasimama. Kompyuta inawaka, feni inavuma, taa ya chumba inawaka, ila wachezaji wote wamekufa miguu hewani. Nikatazama nyuma ya kitanda. Kwenye soketi ya kahawia adapta imezima taa zote. Na kutoka mbele nikamsikia Babu akisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyevunja kikombe cha watu, "Umeme umeisha." Alikuwa amepiga pasi sare za darasa zima tangu alfajiri. Kioo changu kikaandika: dakika kumi.

"Babuuu!" nilipiga kelele. "Nunua! Nunua kwa simu!" "Simu yangu haina kitu, na wakala mpaka sokoni!" Nikashika simu yangu, na mimi sina kitu. Nikaanza kulia kwa sauti, kama mtoto, namwambia Bibi basi, basi, ndiyo imeisha, sitajua. Bibi Tunu alisimama mlangoni akanitazama. Kisha akachomoa simu yake kifuani, akaivuta mbali na macho, akageukia ukuta.

"Rajabu!" akaita.

Cherehani ya mbele ikasimama.

"Rajabu, nitajie namba ya mita!"

Nikasikia kiti cha Babu kikikwaruza kuelekea kwenye mita. Halafu Babu akaanza kutaja, tarakimu moja moja, na Bibi akawa anabonyeza na kuzirudia. Dakika sita zimebaki. Ujumbe ukaingia kwenye simu yake, tokeni ya tarakimu ishirini. "Andika!" akasema Bibi. "Tatu, saba, sifuri, moja." "Tatu, saba, sifuri, moja." "Tisa, tisa, mbili, nne." "Polepole, Tunu, vidole vyangu ni vya sindano." "Tangu lini wewe ukawa mzito? Tisa, tisa, mbili, nne!" Wakafika mwisho. Mita ikalia kwa kukataa. "Umekosea!" "Umekosea wewe, umesema nane!" "Nimesema nne, wewe umesikia nini?" "Rudia yote!" Wakarudia yote. Dakika tatu. Nilikuwa nimeuma kanga. Mita ikalia tena, safari hii mlio mwingine, na Babu akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mzee, "Imekubali!" Taa ya kwanza. Ruta nayo ina uvivu wake wa kuamka. Taa ya pili. Dakika moja na sekunde kadhaa. Taa ya tatu ikapepesa, na uwanja ukaanza kukimbia.

Tulicheza. Tulicheza mpira, jamani, hakuna lililoganda, hakuna lililochelewa, kila nilichotaka mguu ulifanya. Nilimgonga mwamba. Akanigonga mwamba. Tukaenda dakika za nyongeza sifuri sifuri, na pale mwishoni kabisa Sangara akamdanganya beki wangu kwa mguu wa kulia, akapiga kwa kushoto, nyavuni. Kipenga.

Nilibaki nimekodoa macho. Bibi akanishika bega. "Pole, mwanangu. Mtandao huo." Kutoka mbele Babu akafoka, "Mtandao gani? Mtandao wangu una kasoro gani? Taa zote zinawaka hapa, njooni muone!" Nikafungua mdomo kusema neno nililolisema mara mia, na halikuwemo. Nikajisikia mwepesi mwili mzima. "Hapana, Bibi," nikasema. "Mtandao haukuwa na neno lolote. Kanifunga. Kanifunga mimi mwenyewe." Na nikaanza kucheka, maana nilikuwa nimejua: mtu asiyefungwa na yeyote mwezi mzima alikuwa amelazimika kuhangaika na mimi mpaka dakika ya mwisho ya nyongeza. Kwenye kioo kukatokea ujumbe wake. Aliandika kwamba jasho limemtoka, na kwamba kama bado nipo, tucheze moja ya bure, isiyohesabiwa popote. Nikakubali. Nilimfunga mbili bila.

"Babu!" nikapiga kelele. "Nimemfunga! Mbili bila!"

"Basi huo ndio mtandao!" akajibu.

"Mtandao kitu gani?" akasema Bibi, ameuelekea ukuta, mikono kiunoni. "Mtoto ndiye anayejua kucheza! Wewe kila kizuri ni chako!"

"Na wewe ulisema nane, Tunu!"

"Sikusema nane!"

Nikavua hedifoni iliyokuwa shingoni, nikaiweka mezani, nikae niwasikilize vizuri.